Mwili Alionijengea Mjomba

Niliporudi Misima kutoka shule ya Wajerumani kule Tanga, mikono yangu ilikuwa laini na watu walinicheka. Mjomba wangu, aliyekuwa jumbe wa kijiji, akaniambia mwili haununuliwi. Kila alfajiri nikawa napanda kilima na jiwe begani, nikishuka napasua kuni. Mabega yakapanuka, nikajipenda.

"Shikamoo mjomba. Mbona wanao hawabebi mawe?"

"Marahaba. Wale wamerithi uvivu wa mama yao. Wewe ni damu yangu."

Kwetu Wazigua, mpwa ni wa mjomba kuliko hata wa baba yake. Kwa hiyo mimi, ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Kisha akida, msimamizi wa Wajerumani, akaja kudai vijana wa kukata mkonge Korogwe. Mjomba akanisukuma mbele, akaubonyeza mkono wangu kama anauza ng'ombe.

"Huyu ni wangu, namtoa. Nguvu zake zinatosha badala ya wanangu wawili."

Akida akacheka, akakubali. Binamu zangu walikuwa barazani wakila mihogo. Nikamkazia mjomba macho ili anitazame. Yeye akawa anavisifia viatu vya akida.