Chokaa ya Mwenye Nyumba

Tangu mvua za Elnino zianze, kila doa la maji likijitokeza kwenye dari yetu hapa Majengo, mwenye nyumba hupanda mezani na kopo la chokaa, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, akalipaka mpaka lipotee. Kwenye bati hajapanda hata siku moja. “Ni mkojo wa panya huo, Mama Imakulata,” huniambia kwa sauti ya padri. “Fuga paka.” Panya gani hao wanaokojoa siku za mvua tu? Dari imeota kitambi juu ya kitanda cha wanangu. Jana alipomaliza tu kupaka, mvua ikaanza. Nikamwekea kiti chini ya doa lake jeupe. Akatazama juu, akakisogeza kiti mpaka mlangoni, akavaa kofia, ndipo akakaa. “Si unaona?” akasema. “Pamekauka.”