Fundi Asiyeziba Tundu

Fundi friji nitakayemsema hapa ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, na sina mpango wa kumvika kilemba cha ukoka. Karakana yake na duka langu vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Akikohoa nasikia, akidanganya nasikia vizuri zaidi.

Mtaani wanamwita Mzee Baridi. Uani kwake mizoga ya friji imelala chali, milango imeng'olewa, kompresa kuukuu zimerundikwa pembeni zinavuja oili, na katikati yupo yeye amekaa juu ya kreti, koleo mkononi, anapiga porojo. Mikono anayo, sitamnyima haki yake. Friji iliyokufa anaitegea sikio, anaigongagonga mgongoni, na jioni inanguruma. Lakini friji ikiacha kupoza, mara nyingi gesi imevujia mahali, na fundi mwenye nia njema hulitafuta tundu akaliziba. Mdogo wangu halitafuti. Anachomeka mpira wa gesi, anajaza gesi mpya, anaupiga mlango kofi. "Chukua, hiyo baridi mpaka ulie!" Miezi ikipita, gesi yote imetokea kwenye tundu lile lile, na mwenye friji huyo anarudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu bwana amelea familia nzima kwa kujenga kuta.

Na pale inapombidi kukata bomba, analikata hivyo hivyo, gesi iliyobaki inalia fssss uani mpaka iishe. Haina moshi wala harufu. Mchoma matairi wa nyuma ya soko anatukanwa kila siku kwa sababu moshi wake unaonekana. Mdogo wangu amekuwa akichafua anga tangu ana nywele nyeusi, na watu wanampa shikamoo.

Basi binti yake akarudi kutoka chuo cha ufundi. Alisomea kazi ile ile ya baba yake, jambo ambalo lingemfurahisha mzazi yeyote mwenye akili timamu. Alikuja na mashine ndogo ya kuvutia gesi kutoka kwenye friji, pamoja na mtungi mtupu wa kuihifadhia. Chuo kilimwazima kwa sharti: mwaka usiishe kabla hajaurudisha mtungi umejaa gesi kuukuu. Wao wataisafisha itumike tena, na yeye atapewa mashine iwe yake na kibali cha kufanya kazi kwa jina lake. Asipoujaza, anarudisha vyote. Yule mtoto hakutaka kitu kingine duniani.

"Baba, hii gesi ikitoka haipotei," alimwambia siku ya kwanza, nami nasikiliza ukutani. "Inapanda, inakaa huko juu miaka na miaka, inazuia joto lisitoke. Na ile ya friji za zamani inakula tabaka linalotukinga na jua."

"Mimi niharibu mbingu?" Mdogo wangu aliangua kicheko. "Mimi ambaye hata ngazi ya kupandia darini naazima?"

"Hauko peke yako, baba. Kila mji una mafundi wanaofanya kama wewe."

"Basi kaanze na hao. Ukiwamaliza, nitakuwa nakungoja hapa."

Alimpa kona ya uani, karibu na choo. Wateja nao hawakumpenda. Kuvuta gesi kunachukua muda, kutafuta tundu kwa povu la sabuni kunachukua muda zaidi, na joto la mwaka ule lilikuwa la kuchemsha bongo. Kila mtu alitaka baridi leo leo. "Mwanangu, hiyo friji unaiogesha inakwenda harusini?" walimkejeli, kisha wakamkimbilia baba yake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hata hivyo mtungi ulikuwa ukijaa. Friji moja haina gesi nyingi, ni sawa na kujaza pipa kwa kijiko. Kila jioni aliuleta kwangu kuupima.

"Toa lichuma lako kwenye mizani ya sukari," nilimwambia.

"Shangazi, umeongezeka!"

"Umeongezeka, umeongezeka. Futa mizani yangu."

Siku moja mdogo wangu alikwenda mjini kununua vipuri. Nyuma huku muuza nyama wa ng'ambo ya barabara akaleta friza yake, ambayo Mzee Baridi alikuwa ameijaza gesi mara zisizo na idadi. Alikuwa na haraka, nyama inanuka, na aliyemkuta ni binti. Binti akapaka povu bomba lote, kwa utaratibu, mpaka karibu na maungio ya nyuma. Pale kikatokea kipovu kimoja, kikavimba, kikapasuka, kikafuata kingine.

"Ni nini hicho?" muuza nyama akauliza.

"Tundu."

"La lini?"

"Limeota kutu kuzunguka. La miaka hilo, mjomba."

Binti akavuta gesi yote, akalichomelea tundu, akajaza upya. Hakumwaga mtama kwenye kuku wengi kwa makusudi. Aliulizwa, akajibu. Lakini muuza nyama si mtu wa kuhitaji kufafanuliwa hesabu.

Mdogo wangu aliporudi, alimkuta amesimama katikati ya barabara na aproni yake ya damu. "Mzee Baridi! Kumbe miaka yote hii unaniuzia tundu!"

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Na friji yangu je? Na ya kwangu? Mama muuza maziwa akamwita mwizi, neno lenyewe bila kulivika nguo. Mdogo wangu aliweka vipuri vyake chini. Alipita katikati yao, akaingia uani, akatoka amebeba mtungi wa binti yake. Ulikuwa umebakiza kidogo tu kujaa. Akauweka chini mbele ya kadamnasi, akafungua koki.

"Funga hiyo kitu, we mwendawazimu!" nilipiga kelele kutoka dukani.

Binti aliikimbilia koki, baba yake akamzuia kwa bega. Akajaribu upande wa pili, akazuiwa tena. Mtungi ulilia, ukaanza kuota barafu nyeupe kwenye jua kali. Na hapo ndipo nilipowachukia majirani zangu kwa moyo wangu wote. Wale wale waliokuwa wakimwita mwizi walisogea karibu, wakatanua mikono, wakapepea mashati yao. "Aisee, raha!" Muuza nyama naye aliinamisha upara wake upigwe na ule ubaridi. Kazi ya mtoto wa watu ya mwaka mzima ilikuwa inapanda mbinguni, nao wanaota barafu.

Ilipokwisha, mdogo wangu aliusukuma mtungi kwa mguu. "Upepo tu huo. Umerudi kwao. Mtu asije akaniaibisha kwa sababu ya upepo."

Binti aliuinua mtungi, akaukumbatia ingawa ulikuwa unaunguza kwa baridi. Hakulia. Alimtazama baba yake usoni.

"Kama ni upepo tu, baba, mbona hukuuacha ndani?"

Mdogo wangu aligeuza uso, akaokota vipuri vyake. Namjua tangu anatambaa, na uso ule siwezi kukosea kuusoma: alikuwa anajua. Kila neno alilomcheka mwanawe alikuwa amelielewa. Hasira zilinipanda mpaka nikasahau duka liko wazi.

Mwaka uliisha mtungi haujajaa, chuo kikachukua mashine yake. Sasa binti ameajiriwa kwenye karakana ya mtu mwingine, upande wa pili wa soko, na kwa mashine ya huko ameanza mtungi mwingine kutoka sifuri. Kwa baba yake wateja wamerudi wengi tu, muuza maziwa mmojawapo, maana watu wanapenda baridi ya leo. Juzi mdogo wangu alikuja dukani kununua soda, akasimama anaizungusha mkononi bila kuifungua.

"Dada, mtungi wake umefika wapi?"

"Kamwulize mwenyewe."

"Si nimekuuliza wewe?"

"Na mimi si nimekujibu?"

Aliiacha soda kaunta, akatoka. Nilichungulia nione kama atashika njia ya soko. Aliingia karakana kwake.