Nilivyolea mchungwa wa mama mdogo kwenye chupa, mdomo wangu ukaniponza

Wakuu, salaam. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sina cha kuongeza.

Miaka ya tisini, vyama vingi vimeanza na mitumba imejaa sokoni, nilipata kazi kwenye lab ndogo Dodoma mjini. Tulikuwa tunafanya tissue culture, yaani kuotesha mimea ndani ya chupa.

Mama mdogo Semeni wa Kibakwe alikuwa na mchungwa mmoja mtamu ajabu. Ukaugua. Majani manjano, matunda madogo, machungu. Kwa sifa zangu nikamwambia mbele ya majirani, "Nitauponya."

Hauponi, wakuu. Kinachowezekana ni kukata ncha ya chipukizi, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, kwa kuwa ugonjwa mara nyingi haujafika pale. Unaibandika kwenye mche mchanga wa ndimu ndani ya chupa, unaomba Mungu.

Raundi ya kwanza, ukungu chupa zote. Ya pili, ukungu.

Bosi wetu, mama mmoja mpole, akaja kunitazama nikifanya kazi. Nilikuwa namsimulia mwenzangu mechi ya Simba na Yanga.

"Kijana, ukungu unautoa mdomoni," akasema. "Funga hilo domo."

Nilijisikia kuzama ardhini. Raundi ya tatu nilijifunga kitambaa mdomoni, kimya kama bubu. Ikapona miche miwili!

Naifikisha Kibakwe, nakuta mchungwa wenyewe umeshakauka. Mama mdogo akaitazama miche yangu, urefu wa kiganja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miaka miwili nakungoja, unaniletea mchicha?"

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka kwa nje tu.

Lakini aliipanda. Mmoja uliliwa na mbuzi. Wa pili aliuzungushia miiba, akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Ulipozaa, aliniita. Akamenya chungwa, akala pande moja. Machozi yakamtoka.

"Ndilo lenyewe, mwanangu."

Kesho yake nikasikia anawaambia majirani kwamba mche ule kauotesha yeye, mimi nilibeba tu.

Nilichojifunza: ukiahidi watu kitu, kwanza jua kinafanyikaje.

Nanyi wakuu, nani kati yenu alishawahi kujitapa kwa ndugu halafu kazi ikamtoa jasho? Mwageni yenu hapa, na wa kunicheka anicheke.