Binti Aliyemkimbia Baba Mkwe

Ukungu wa Kwamkoro haujainuka, lakini kikapu cha Tusajigwe kimeshaanza kumvuta mabega. Amejifunga gunia kiunoni kuzuia umande. Mikono yake inakwenda bila kuulizwa na macho: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kisha nyuma kikapuni.

Mara kinasikika kikohozi kwenye kona ya njia. Si cha mgonjwa. Ni kikohozi cha mtu anayetaka kusikika.

Wachumaji wanaanza kucheka chini chini. Kwenye mstari wa jirani, binti yake, Dorkasi, anajitanda kanga usoni, anachuchumaa na kupotea katikati ya michai.

Mzee mwenye jembe begani anapita taratibu, macho mbele. “Onga makeo,” anawaamkia wanawake kwa Kishambaa. Wote wanamjibu, isipokuwa yule aliyejificha.

Mzee huyo ni Mika, mkulima wa kijiji cha jirani. Mwanawe Rubeni, fundi mdogo wa mashine katika kiwanda cha shamba hili la chai, amemposa Dorkasi. Posa imepokewa, lakini siku ya harusi haijatajwa. Inasubiri neno moja kutoka kwa binti, na Tusajigwe anajua kwamba likikosekana, lawama ni yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tusajigwe ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Mumewe, Ambilikile, alitoka huko kabla ya Vita Kuu ya Pili kuja kukata mkonge Tanga. Jua la bondeni likamshinda, akapanda mlimani kwenye chai, kazi aliyoizoea kwao. Dorkasi alifika hapa akiwa mgongoni mwa mama yake. Leo, mwaka 1956, ni msichana wa kuozwa.

Kurudi nyumbani kumekuwa wimbo wa kila mwaka. Mshahara wa kipande, yaani kadi ya kazi iliyojaa siku zake zote, ukishalipa chumvi, sabuni na karo ya wadogo zake Dorkasi, haubakizi nauli ya mtu mmoja mpaka Tukuyu, sembuse watu watano.

“Mwanzoni nilidhani lugha haitampotea binti yangu,” anasema Tusajigwe. “Akaanza kucheza na watoto wa hapa. Siku moja nikamsikia anaota ndoto kwa Kishambaa. Nikamwamsha mume wangu, nikamwambia, baba Dorkasi, mtoto anakwenda huyo.”

Ndizi, Dorkasi anazipika Kishambaa. Nyimbo za kwao anazichanganya. Mama alikuwa akimkumbusha kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Binti akimjibu, kwa heshima zote, kwamba kwao ndiyo hapa.

Basi Tusajigwe akachagua jambo moja la kulishikilia. Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyekwisha kuposwa hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani, huiacha njia. Hamtazami wala hasemi naye, na kadiri anavyomkwepa ndivyo anavyomheshimu.

“Mimi baba mkwe wangu nilimjua kwa miguu yake,” anasema. “Mpaka leo sijui kama alikuwa na ndevu.”

Alimfundisha Dorkasi bila kutumaini makubwa. Mtoto aliyeshindwa kushika nyimbo angeshika hili?

Akalishika. Mwezi uliopita, siku chache baada ya posa kupokewa, Mzee Mika alikutana naye njiani akitoka kuteka maji. Dorkasi alilitupa debe, akaruka kwenye michai na kujifunika uso mpaka mzee alipopita. Hakusema shikamoo.

Milimani huku, mtoto anayempita mzee bila shikamoo huulizwa ni wa nani. Mzee Mika hakuwa na haja ya kuuliza. Jioni ile ile alimtuma dada yake, Klara, nyumbani kwa Tusajigwe.

“Kaka anauliza,” Klara alisema kabla hajakaa vizuri. “Anayeshindwa kuniamkia njiani nikiwa mzima, atanipa maji nikiugua?”

Tusajigwe alimpigia magoti mgeni, akaeleza alivyoweza. Klara alipoondoka, akamgeukia binti yake. Amwamkie tu mzee, yaishe.

Dorkasi alikataa. “Mama, mambo yote ya kwenu yamenishinda. Hili moja nimeliweza, nalo unaniambia niliache?”

“Nililia,” anasema Tusajigwe. “Kumbe nilikuwa na mtoto wangu muda wote, nami nimemjua siku anayokosa mume kwa ajili yangu.”

Ambilikile alisema kwa kifupi kwamba aliyefunga ndiye afungue. Jumapili, baada ya ibada, Tusajigwe akaenda peke yake kwa Mzee Mika. Akaamkia, akapewa kigoda, akasema moja kwa moja.

“Baba Rubeni, mzee asiye baba mkwe wake, binti yangu angemwamkia. Amekukimbia kwa sababu ameshakuhesabu baba mkwe.”

Mzee aliuliza, “Yaani ameshanikubali na mahari sijamaliza?”

“Ameshakukubali.”

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi, alisema hatamzuia binti kujificha, na tangu siku ile hukohoa kabla ya kona ili apate nafasi. Ila mkwe asiyemwamkia hamwezi. Uso anaweza kuufunika. Sauti anaitaka.

Tusajigwe alirudi na ujumbe huo, akaufikisha, wala hakuongeza neno. Hajawahi tena kumsukuma binti yake.

Saa za kupima chai zinakaribia. Wanawake wamepanga vikapu kando ya njia, nyapara anaandaa mizani. Tusajigwe anasema akijaliwa ataweka akiba ya nauli, ampeleke Dorkasi Tukuyu akaonane na bibi yake, awe ameshazaa au bado. Anataka bibi ajionee mwenyewe kwamba mjukuu ameshika jambo la kwao.

Kikohozi kinasikika. Mzee Mika anarudi kutoka shambani na mkungu wa ndizi. Dorkasi anaacha kikapu, anaingia kwenye michai na kugeuka upande wa mlima. Mzee anapita. Ameshapita hatua kadhaa inaposikika sauti ndogo kutoka kwenye majani.

“Shikamoo, baba.”

Mzee anasimama. Hageuki. “Marahaba, mwanangu,” anaiambia njia iliyo mbele yake, kisha anaendelea na safari.

Safari hii wanawake hawacheki. Tusajigwe anafuta macho kwa ncha ya gunia, anainua kikapu na kuelekea nacho kwenye mizani.

“Kwetu wangesema amekosea kutoa sauti,” anawaambia wenzake. “Lakini mmeona wenyewe. Hakumtazama.”