Mia Moja Ishirini kwa Themanini

Nyumbani hata chai huinywa akiwa amesimama. Mumewe huwatania wageni: "Huyu sikumwoa, nilimdaka akipita." Kazini ndiyo usiseme. Wagonjwa wa nje humwita Nesi Umeme, maana katika chumba chake cha vipimo hakuna kulala: joto, uzito, presha, haya, anayefuata!

Siku ya ukaguzi aliamka roho mkononi. Alipofika, mkaguzi wa huduma za uuguzi alikuwa ameshakaa kando ya mlango, saa ameivua na kuiweka juu ya goti, karatasi yake imejaa visanduku vya kutia alama. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, akamvuta Umeme pembeni.

"Mdogo wangu, muda wa kusubiri ndio wenye alama nyingi. Usituangushe. Tukipita leo, ukuu wa kitengo hiki ni wako."

Miaka tisa Umeme alikuwa akiungoja ukuu huo.

Alipofika mgonjwa wa kumi na mbili, mashine ya presha ikagoma. Mkanda ulipasuka, ukatoa pumzi pssss kwenye mkono wa mtu, kioo kikabaki na vistari vitupu. Kabatini kulikuwa na ile ya zamani, ya kupampu kwa mkono huku unasikiliza kwa masikio. Nzima kabisa, ila inataka dakika nne kwa kila mtu, na watu walikuwa wamejaa mpaka koridoni. Umeme akaitazama ile saa gotini. Akaandika: 120/80.

Uongo una ajabu yake. Wa kwanza unauma, wa pili unawasha tu, wa tatu huusikii. Aliendelea kuwafunga watu mkanda ule mbovu na kuandika namba ileile. Wa nane kuandikiwa hivyo alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye miwani iliyoshikiliwa kwa uzi.

"Ngapi, binti yangu?"

"Mia moja ishirini kwa themanini, baba. Kama kijana!"

"Basi kijana huyu kichwa kinamgonga tangu juzi." Mzee akashika kisogo. "Na hapa nakuona mko wawili. Mmoja wenu ananidanganya."

Benchi zima likaangua kicheko. Umeme akajaribu kucheka, meno yakakataa kutoka.

Mzee akaingia kwa daktari na kadi yake. Umeme akawapima uzito watu watatu mfululizo bila kuugusa mkanda. Akaangusha kalamu. Akamwita mtu aliyekwisha pimwa. Mara dirishani akamwona mzee anavuka uwanja kuelekea getini, mkononi kapakiti kadogo ka dawa za maumivu. Daktari naye angefanyaje, wakati kadi imemwambia presha ni ya kijana?

"Naombeni mnisubiri," akasema.

"Nesi, saa inakwenda," mkaguzi akamkumbusha.

"Iache iende, kaka."

Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Akamkuta mzee getini.

"Baba, rudi!"

"Nimesahau nini tena?"

"Hujasahau kitu. Mimi ndiye sikukupima."

Mzee alimtazama sana, akageuka kurudi naye. Umeme akaitoa mashine ya kabatini, akapampu, akasikiliza, akapampu tena kwa kutoyaamini masikio yake. Mia mbili na kumi kwa mia moja ishirini na nne.

"Daktari! Njoo upesi!"

Kiti cha magurudumu kikaja, mzee akapelekwa. Koridoni mtu akapiga kelele, "Leo umeme umekatika jamani!" Safari hii hakuna aliyecheka.

Mkaguzi alikuwa amesimama. "Wengine ni wangapi?"

Nyuma yake Matroni alimkonyeza Umeme, akatikisa kichwa taratibu: nyamaza, mdogo wangu, nyamaza.

"Saba," Umeme akajibu.

Mkaguzi akatafuta kisanduku cha jambo hilo, asikipate. Akaigeuza karatasi, akaanza kuandika nyuma yake, mistari mingi. Matroni akaondoka bila kuaga.

Umeme akamwomba muuguzi wa chumba cha pili aendelee na foleni, kwa mashine ya zamani, dakika nne kila mtu. Yeye akachukua daftari la wagonjwa na simu. Wa kwanza akapokea, akasema yuko njiani, anarudi. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyelalamika kizunguzungu. Simu ikaita mpaka ikakatika.

Akapiga tena.