Shemeji alivyofyeka sangari kwanza, ndipo akapiga dawa: tulivyopoteza shamba Runingu

Wakuu, salamu kwenu. Hili sikusimuliwa, pampu niliibeba mimi mgongoni.

Ni miaka ya uasi. Tulikuwa tumekimbilia ng'ambo ya ziwa. Tuliporudi kijijini kwetu Runingu, shamba la marehemu baba lilikuwa sangari tupu. Kwa wasioijua, ni nyasi ambayo mizizi yake inatambaa chini kama kamba. Ukiikata, kila kipande kinaota upya.

Chef wa kijiji akamwambia mama wazi: "Mama, shamba ikibakia pori hii saison ya kulima, nitaipatia muntu mwingine."

Mbegu ya soja tulikuwa nayo. Hapo ndipo akajitokeza shemeji, mume wa dada yangu, bingwa wa kila kitu.

Tukaenda naye mjini Kalundu kutafuta dawa inayoua nyasi na kuacha soja. Muuzaji akamweleza mbele yangu: soja ikishaota, acha sangari nayo iwe na majani mabichi ndipo upulize, maana dawa inaingilia kwenye jani na kushuka mpaka mizizini.

Shemeji akaitikia kwa kichwa kama askofu.

Tukalima, tukapanda soja, ikaota, na sangari nayo ikachipua katikati yake. Siku ya kupuliza ilipofika, bwana mkubwa kaita salongo, kazi ya pamoja ya kijiji! Majirani wote na majembe yao.

"Shamba chafu haipigwake dawa. Batu banapita mu barabara, batasema nini?"

Nikamkumbusha maneno ya muuzaji.

"Weye unajua nini? Nyamaza."

Wakakatakata sangari yote katikati ya mistari ya soja. Kisha akanitwisha pampu mgongoni, yeye akashika mpira wake na kupuliza udongo mtupu, kifua mbele. Udongo, jamani!

Haikuchukua muda, sangari ikatoka nene kuliko mwanzo na kuimeza soja. Mama alikaa pembeni ya shamba akalia. Hasira ile bado ninayo.

Chef akatimiza neno lake. Jirani aliyepewa shamba akapanda soja, akaacha sangari ichanue majani, akapuliza. Ilipochipua tena akarudia. Ikafa. Dawa yenyewe? Ni bidon yetu, dumu lile lile la Kalundu, tuliyobaki nayo. Shemeji alimpa bure, eti ni feki.

Nilichojifunza: dawa ya namna hii inataka jani. Na anayeogopa macho ya wapita njia kuliko kukosa shamba, msimpe pampu.

Nanyi wakuu, mna shemeji wa aina hii? Mwageni hapa.

Wetu mpaka leo anasema dawa ilikuwa feki. Anasema huku anakunywa uji wa soja, ambayo mama huinunua kwa yule jirani.