Tisini na Moja Si Tasa

Nilimwaga ndengu juu ya meza ya walimu siku ile mwalimu wa Kiswahili aliponiambia, "Mama, hesabu za soko wachia soko. Hapa ni shule."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu kwa hiyo ofisi wiki moja. Binti yangu alikuwa amepata alama mia mbili arobaini na tisa. Shule yetu pale Kitengela ilitaka mia mbili hamsini, la sivyo mtoto arudie darasa la saba. Alama moja tu, na ilikuwa imekatwa kwa swali la msamiati: ipi kati ya hizi ni nambari tasa? 51, 57, 87, 91. Hakuchagua yoyote. Aliandika pembeni, "Hakuna." Mwalimu, ambaye jibu lake lilikuwa 91, alimwambia ana kiburi.

Nambari tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mimi niliishia kidato cha nne, nikazaa mapema, nauza nafaka, lakini hiyo sijasahau. Hizo tatu za kwanza ni rahisi kushika. Jumlisha tarakimu zake: sita, kumi na mbili, kumi na tano. Tatu inaziingia zote. 91 ndiyo mjanja. Si shufwa, haiishii na tano, na tarakimu zake zinaleta kumi, kwa hivyo tatu imekataa. Mvivu huchokea hapo, kabla hajafika kwa saba.

Nikahesabu punje tisini na moja kwa sauti, walimu wengine wakaacha chai. Nikazipanga safu saba. Kila safu kumi na tatu, na hakuna iliyobaki. Mwalimu akahesabu tena kutoka upande wa dirisha, kama anatafuta punje niliyoficha.

"Huyu si tasa, Mwalimu," nikamwambia. "Ako na watoto wawili, saba na kumi na tatu, na wote wako hapa mezani."

Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikamuuliza yeye alikuwa wapi siku zote hizo. Akasema hakuna mtu alimuuliza.

Mwalimu mkuu alikuja, akaangalia safu zangu, akakubali. Lakini matokeo yalishatumwa ofisi ya elimu Kajiado, akasema, na yeye hawezi kuyagusa. Basi nikaandika barua, nikaipeleka Kajiado mwenyewe. Afisa alisoma barua yangu, akagawanya 91 kwa saba nyuma ya bahasha, akaita mwenzake aje aone. Shule zilipofunguliwa, binti yangu aliketi darasa la nane, na mwalimu wa Kiswahili akasema alichotakiwa kusema huku akiangalia ubao. Nakala ya barua bado niko nayo:

"Kwa Afisa wa Elimu.

YAH: ALAMA MOJA YA MTOTO WANGU

Nalalamika kwamba mtoto wangu amekatwa alama kwa kusema ukweli. 51 ni tatu mara kumi na saba. 57 ni tatu mara kumi na tisa. 87 ni tatu mara ishirini na tisa. 91 ni saba mara kumi na tatu. Swali halina jibu, na yeye ndiye aliyesema hivyo. Siombi asaidiwe. Nataka arudishiwe alama yake, na mwalimu aliyemwita mwenye kiburi amwambie mbele ya darasa lile lile kwamba alikuwa sahihi.

Ni mimi,
Mzazi."